Historia ya Masomo Rekebishi katika Vyuo vya Marekani

Masomo rekebishi ni kozi za kusoma, kuandika na hisabati zinazofundishwa chuoni kwa wanafunzi waliokwisha kudahiliwa lakini wakaonekana hawajawa tayari kwa masomo ya mwaka wa kwanza. Nchini Marekani mwanafunzi huzilipia ada kozi hizi kama nyingine yoyote, huzifanyia mitihani na huzirudia akifeli, lakini krediti zake hazihesabiwi katika shahada. Vyuo vya nchi hiyo vimezifundisha kwa zaidi ya miaka 170. Muda wote huo zimechukuliwa kuwa jambo la mpito, la kungojea sekondari zijirekebishe, na muda wote huo vyuo vimezidi kupokea watu wa aina mpya ambao sekondari haikuwatayarisha. Mageuzi makubwa yamekuja katika karne hii tu, na yalichochewa na hesabu rahisi ambayo kwa miongo mingi ni wachache waliokaa chini na kuifanya.

Chuo Kikuu cha Wisconsin kilipoanza kufundisha mjini Madison, Februari 1849, hakikuwa na jengo lake wala wanafunzi wa kiwango cha chuo kikuu. Profesa John Sterling alianza na vijana 17 katika chumba cha kuazima kwenye shule ya wasichana, akawafundisha mambo ambayo leo yangeitwa ya sekondari. Hilo halikuwa ajabu wakati ule. Sekondari za umma zilikuwa za kuhesabika, hasa upande wa magharibi, na chuo kilichosubiri wanafunzi walioiva kingebaki bila mtu. Idara ya maandalizi ya Wisconsin ilidumu hadi 1880. Vassar, chuo cha wanawake kilichofunguliwa jimboni New York mwaka 1865, nacho kilianza na idara kama hiyo, kwa kuwa wasichana wachache mno walikuwa wamepata nafasi ya kusoma Kilatini na hisabati. Kufikia mwaka 1889 zaidi ya vyuo vinne kati ya vitano vilikuwa na darasa la maandalizi la namna fulani.

Katika majimbo ya kusini hali ilikuwa nzito zaidi. Kabla ya vita vya 1861 hadi 1865, majimbo kadhaa yalikuwa yamefanya kumfundisha mtumwa kusoma kuwa kosa kisheria. Vita vilipokwisha, watu walioachwa huru walimiminika shuleni, watoto kwa wazee, na taasisi zilizoanzishwa kwa ajili yao, kama Fisk ya Nashville mwaka 1866 na Howard ya Washington mwaka 1867, zililazimika kufundisha tangu herufi za kwanza hadi masomo ya shahada, chini ya paa moja. Kwa miaka mingi waliokuwa madarasa ya chini walikuwa wengi kuliko wanafunzi wa chuo chenyewe. Hakuna historia ya masomo rekebishi inayoweza kuziruka taasisi hizi, ijapokuwa nyingi huziruka.

Vyuo vya matajiri navyo havikusalimika. Mwaka 1874 Harvard iliweka mtihani wa kuandika Kiingereza kwa waombaji wote, na matokeo yakawashtua wakufunzi: vijana kutoka shule za gharama kubwa walishindwa kupanga aya na kuandika maneno kwa tahajia sahihi. Adams Sherman Hill, aliyesimamia masomo ya uandishi, alitaka sekondari zibebe mzigo huo. Hazikuubeba, na mwaka 1885 Harvard ikaweka kozi ya uandishi katika mwaka wa kwanza. Vyuo vingine viliiga. Leo karibu kila mwanafunzi wa Marekani, awe dhaifu au hodari, hupita katika kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza, na wachache wanakumbuka kuwa ilianza kama tiba ya muda.

Mwanzoni mwa karne ya 20 sekondari zilienea na bodi ya mitihani ya kuingia vyuoni ikaundwa mwaka 1900. Idara za maandalizi zikafungwa moja baada ya nyingine. Kazi yake, hata hivyo, ilihamia mahali pengine. Mwaka 1901 kilianzishwa huko Joliet, Illinois, chuo cha kwanza cha umma cha miaka miwili, na baada yake vikafuata mamia ya vyuo vya aina hiyo, ambavyo baadaye viliitwa vyuo vya jamii. Hivi vilipokea yeyote aliyemaliza sekondari, na mara nyingi hata asiyemaliza. Vyuo vikuu vikapata njia ya kuchuja bila kuonekana vinafukuza. Mwaka 1960 mwanasosholojia Burton Clark, aliyechunguza chuo cha San Jose, California, alieleza kwa makini jinsi taasisi kama hiyo inavyomzimisha mwanafunzi matumaini pole pole: anapewa mtihani, anapelekwa kozi rekebishi, anaitwa na mshauri, mpaka mwenyewe anaona afadhali ateremshe malengo yake. Maelezo yake yaliwachoma wengi, nayo yamezidi kurejewa tangu hapo.

Kabla ya hapo, wimbi la kwanza kubwa la wanafunzi wa aina mpya lilikuwa limekuja na sheria ya mwaka 1944 iliyowalipia masomo askari waliorudi vitani. Zaidi ya milioni mbili kati yao waliingia vyuoni, na mwaka 1947 walikaribia nusu ya wanafunzi wote. Vyuo viliwafungulia vituo vya kusomesha na kozi za kujikumbusha. Askari hao walifanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na jambo hilo lingepaswa kuwafundisha wasimamizi kwamba mtu aliyekaa nje ya shule miaka minne si mjinga. Baadaye, katika miaka ya 1960, serikali kuu ilianzisha mipango ya kuwasaidia vijana wa familia maskini kabla na baada ya kuingia chuoni, na sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965 ikaleta fedha.

Mahali ambapo suala hili lilipamba moto ni New York. Chuo Kikuu cha Jiji, CUNY, kilikuwa kikifundisha bila ada tangu taasisi yake ya kwanza ianzishwe mwaka 1847, lakini alama za kuingilia zilikuwa za juu mno. City College, ndiyo taasisi hiyo ya kwanza, ilikuwa Harlem, katikati ya Weusi na watu wa Puerto Rico, huku karibu wanafunzi wake wote wakiwa Weupe. Aprili 1969 wanafunzi Weusi na wa Puerto Rico waliifunga sehemu ya kusini ya chuo hicho, na mojawapo ya madai yao matano lilikuwa kwamba wanaodahiliwa wafanane na vijana walioko katika sekondari za jiji. CUNY ilikuwa imepanga kufungua udahili kwa wote ifikapo 1975. Mpango ukaletwa mbele hadi Septemba 1970. Mwaka huo waliingia wanafunzi wapya wapatao 35,000, idadi iliyozidi ya mwaka uliotangulia kwa zaidi ya nusu. Vyumba havikutosha, wakakodi.

Aliyesimamia masomo ya uandishi ya wageni hao City College alikuwa Mina Shaughnessy. Timu yake ilikuwa na waandishi kama Adrienne Rich, June Jordan, Audre Lorde na Toni Cade Bambara, watu ambao mtu hawatarajii kuwakuta wakisahihisha vitenzi. Shaughnessy aliketi na insha 4,000 hivi ambazo wanafunzi wapya waliziandika kati ya 1970 na 1974 katika mtihani wa kupimwa ngazi. Walimu wenzake waliona fujo tu. Yeye aliona utaratibu: mwanafunzi aliyeacha alama ya wingi hapa na kuiongeza pale alikuwa akifuata kanuni fulani, aliyoitunga mwenyewe kutokana na lugha ya nyumbani na vipande vya sarufi alivyovisikia darasani. Kosa, kwa mtazamo huo, lilikuwa na sababu, na mwalimu aliyejua sababu angeweza kufundisha. Kitabu chake, *Errors and Expectations*, kilitoka mwaka 1977. Alifariki mwaka uliofuata.

Wakati huo udahili huria ulikuwa umekwisha pigwa. Jiji la New York lilifilisika kivitendo, na mwaka 1976 CUNY ikaanza kutoza ada. Mjadala haukuisha. Mwaka 1999, chini ya shinikizo la Meya Rudolph Giuliani, bodi ya CUNY iliamua kuondoa masomo rekebishi katika vyuo vyake vya miaka minne na kuyaacha kwa vile vya miaka miwili. Majimbo mengine yalikuwa yakienda njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mzigo wote, ambao katika karne ya 19 ulibebwa na karibu kila chuo, sasa ulilundikana kwa vyuo vya jamii, ambavyo ndivyo vyenye fedha kidogo kuliko vyote. Kati ya wanafunzi walioanza katika vyuo vya umma vya miaka miwili mwaka 2003/04, asilimia 68 walichukua angalau kozi moja rekebishi.

Mfumo walioukuta ulikuwa hivi. Mwanafunzi anafika kujiandikisha, anakaa mbele ya kompyuta na kufanya mtihani wa Compass au Accuplacer. Swali linalofuata huwa gumu au jepesi kulingana na alivyojibu lililotangulia, na somo moja humalizika mara nyingi kwa muda usiozidi saa moja. Wengi hawajajisomea, kwa sababu wameambiwa mtihani huu haufelishi mtu. Ni kweli haufelishi. Unampangia mtu mwaka mmoja au miwili ya maisha yake. Katika hisabati ngazi zilikuwa tatu au nne: hesabu za kawaida, maandalizi ya aljebra, aljebra ya mwanzo, aljebra ya kati. Kila moja muhula mzima. Katika Kiingereza, kusoma kulikuwa kozi yake na kuandika yake. Mama mwenye watoto wawili na kazi ya usiku angeweza kusoma mihula minne bila kupata krediti hata moja, huku akila ruzuku ya serikali ambayo tangu 2012 ina kikomo cha mihula 12.

Kwa muda mrefu vyuo vilipima kozi hizi moja moja. Mkuu wa idara aliuliza wangapi wamefaulu aljebra ya mwanzo, akajibiwa saba kati ya kumi, akaridhika. Hesabu inageuka ukimfuata mwanafunzi badala ya kozi. Wachukuliwe wanafunzi 100 walioanzia ngazi tatu chini ya kozi ya chuo, na ichukuliwe kwamba katika kila ngazi asilimia 70 wanafaulu, na kati ya waliofaulu asilimia 80 wanajiandikisha ngazi ya juu yake. Baada ya ngazi ya kwanza wanafaulu 70, wanarudi 56. Baada ya pili wanafaulu 39, wanarudi 31. Baada ya tatu wanafaulu 22, na wanaoingia kozi ya chuo yenyewe ni 18. Wanaoifaulu ni 12. Hakuna mwalimu aliyefanya vibaya, wala kozi yenye matokeo ya kutisha, na bado 88 wamepotea. Karibu theluthi yao hawakufeli popote: walifaulu, wakaenda likizo, hawakurudi.

Takwimu halisi zilipopatikana zilifanana na mfano huo. Mwaka 2010 Thomas Bailey na wenzake wa kituo cha utafiti wa vyuo vya jamii katika Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 250,000 katika vyuo 57. Waliomaliza mlolongo wa hisabati waliopangiwa walikuwa asilimia 33. Wa kusoma, asilimia 46. Karibu thelathini kati ya mia hawakujiandikisha hata kozi ya kwanza. Watafiti wa kituo hicho hicho, Judith Scott-Clayton akiwa miongoni mwao, walionyesha baadaye kwamba mitihani ya kupangia ngazi ilimkosea vibaya mwanafunzi mmoja kati ya wanne katika hisabati na mmoja kati ya watatu katika Kiingereza. Waliopangwa chini kuliko uwezo wao walikuwa wengi kuliko waliopangwa juu. Alama za miaka minne ya sekondari zilitabiri vizuri zaidi, na sababu haihitaji utaalamu mkubwa: alama hizo zinabeba pia mahudhurio, kazi za nyumbani na subira. Kampuni iliyomiliki Compass iliuondoa sokoni mwaka 2016.

Mtu aliyeifanya hesabu hiyo mapema zaidi alikuwa mwalimu wa uandishi, Peter Adams, wa chuo cha jamii cha Kaunti ya Baltimore, Maryland. Katika makala ya mwaka 1993 alieleza alivyofuatilia wanafunzi wake na kugundua kwamba waliopita kozi rekebishi na kufika kufaulu kozi ya chuo walikuwa wachache kupita alivyodhani. Aligundua pia kwamba waliokaidi ushauri na kujiandikisha moja kwa moja kozi ya chuo walifaulu kwa wingi wa kushangaza. Ilichukua miaka mingi kabla chuo kukubali kulifanyia kazi jambo hilo. Mwaka 2007 Adams na wenzake walianza mpango waliouita wa kujifunza kwa kasi. Darasa la uandishi la mwaka wa kwanza lilikuwa na wanafunzi 20: kumi na wawili waliofaulu mtihani wa ngazi, na wanane ambao mtihani ungewapeleka kozi rekebishi. Wote walisoma kozi ile ile, insha zile zile, kwa vigezo vile vile. Kipindi kilipokwisha, wale wanane walibaki na mwalimu yule yule kwa kipindi cha pili.

Kipindi hicho cha pili ndicho kiini cha ubunifu wao. Hakikufuata kitabu cha sarufi. Mwanafunzi aliuliza alichoogopa kuuliza mbele ya wengine, akaanza kuandika aya ya insha inayotakiwa wiki ijayo, akaonyeshwa palipolegea. Na kwa kuwa walikuwa wanane tu, mambo mengine yalijitokeza: fulani amekatiwa umeme, fulani zamu yake ya kazi imebadilishwa. Adams alisisitiza kwamba watu wengi waliacha chuo kwa sababu hizo kuliko kwa sababu ya koma. Tathmini za Columbia zilionyesha kwamba waliofaulu kozi ya chuo kwa utaratibu huu walikaribia mara mbili ya wale wa utaratibu wa zamani, na vyuo vingi vikauchukua.

Katika hisabati palihitajika hatua ya ziada, kwa kuwa swali la kwanza lilikuwa kama aljebra yenyewe inamhusu kila mtu. Muuguzi au mwanafunzi wa saikolojia atahitaji takwimu maisha yake yote. Milinganyo ya aljebra ya kati hataiona tena. Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha Texas, aliyepata sifa Berkeley katika miaka ya 1970 kwa vikundi vyake vya kusomea kalkulasi, aliongoza kazi ya kutenganisha njia za hisabati kufuatana na fani, na taasisi ya Carnegie ikatunga kozi za takwimu za namna hiyo. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka tena New York. Mwaka 2013 wanafunzi 907 wa vyuo vitatu vya CUNY, wote waliokuwa wamepangiwa aljebra ya mwanzo, waligawanywa kwa kura: wengine aljebra kama kawaida, wengine aljebra pamoja na warsha ya kila wiki, wengine wakapelekwa moja kwa moja takwimu za kiwango cha chuo pamoja na warsha. Waliofaulu walikuwa asilimia 39, 45 na 56. Kozi iliyodhaniwa ngumu zaidi ndiyo iliyofaulisha wengi.

Majimbo yakaanza kutunga sheria na kanuni, mengine kwa pupa. Florida iliamua mwaka 2013 kwamba wahitimu wa karibuni wa sekondari za umma na askari walio kazini hawawezi kulazimishwa mtihani wa ngazi wala kozi rekebishi. Kiwango cha kufaulu ndani ya kozi za chuo kilishuka kidogo, lakini idadi ya waliofaulu ilipanda kwa kuwa wengi zaidi walizijaribu. Tennessee ilikuwa na rekodi mbaya: kati ya wanafunzi wa vyuo vya jamii waliopangiwa hisabati rekebishi, takriban 12 kati ya 100 ndio waliofaulu hisabati ya chuo ndani ya mwaka. Majaribio ya masomo sambamba, yaani kozi ya chuo pamoja na msaada wa ziada katika muhula ule ule, yalipoanza mwaka 2014 idadi hiyo ilivuka nusu, na mwaka 2015 utaratibu ukaenea jimbo zima. California, yenye vyuo vya jamii zaidi ya 110, ilipitisha sheria Oktoba 2017 iliyogeuza wajibu wa kuthibitisha: chuo ndicho kitakachoonyesha kwamba mwanafunzi ana uwezekano mdogo sana wa kumudu kozi ya chuo kabla ya kumweka chini yake. Sheria ya pili, ya 2022, ilikaza zaidi.

Upinzani haukukosekana, na haukutoka kwa wavivu. Hunter Boylan, aliyeongoza kwa miaka mingi kituo cha kitaifa cha masomo haya katika Chuo Kikuu cha Appalachian State, aliandika mwaka 2012 pamoja na Alexandros Goudas kwamba tafiti zilizosema kozi rekebishi hazina athari zilikuwa zikisomwa vibaya. Tafiti hizo zililinganisha watu waliokuwa juu kidogo na chini kidogo ya alama ya mpaka katika mtihani wa ngazi. Ikiwa aliyekuwa chini alimaliza sawa na aliyekuwa juu, huenda kozi ilifanya kazi yake. Na hazikusema lolote kuhusu mtu asiyejua sehemu na desimali. Walimu wengine walihofia ajira zao, jambo la kueleweka, maana wengi walikuwa wa mkataba wa muhula.

Hoja nzito zaidi ilikuja kutoka Tennessee kwenyewe. Florence Xiaotao Ran na Yuxin Lin wa Columbia walichapisha mwaka 2019 uchunguzi uliothibitisha kwamba masomo sambamba yaliongeza waliofaulu kozi ya kwanza kwa pointi za asilimia 15 hivi katika hisabati na 13 katika Kiingereza. Hayakuongeza, hata hivyo, waliobaki chuoni au waliohitimu. Mwanafunzi aliyevushwa kozi ya kwanza alikuta mbele yake nauli, kodi ya nyumba na kozi nyingine 19.

CUNY ilikuwa imelishughulikia hilo kwa njia nyingine tangu 2007, kwa mpango uitwao ASAP. Mwanafunzi anatakiwa asome muda wote, muhula kwa muhula. Naye hupewa mshauri mwenye wanafunzi wachache ambaye lazima amwone mara kwa mara, kadi ya usafiri wa jijini, vitabu, na kufidiwa pengo la ada linaloachwa na ruzuku. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliwagawa kwa kura wanafunzi waliohitaji masomo rekebishi: baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya walioingia ASAP walikuwa wamehitimu, dhidi ya 22 ya wenzao. Vyuo vitatu vya Ohio vilipoiga, matokeo yakawa 35 dhidi ya 19. Gharama kwa kila mwanafunzi ilipanda, lakini New York gharama kwa kila mhitimu ilishuka. Na washiriki hao, kwa kanuni za mpango, walitakiwa kumaliza kozi zao rekebishi mapema iwezekanavyo. Kozi zenyewe hazikuwa zimebadilika.

Mwanzoni mwa 2023 CUNY ilitangaza kwamba imekamilisha kuziondoa kozi rekebishi zinazosimama peke yake na kuweka masomo sambamba mahali pake. Kwa walio nyuma zaidi ilibakiza mpango ulioanza mwaka 2009, ambamo mwanafunzi huahirisha kujiandikisha rasmi, asiguse ruzuku yake, na kusoma muhula mmoja saa 25 kwa wiki kwa ada iliyokuwa dola 75.